Hema la Watu Wanne

Wazee wetu wa pwani walihangaika miaka mingi kuondoka mchangani. Walichoma matumbawe wakapata chokaa, wakakata boriti za mikoko, wakashona makuti, wakajenga nyumba zenye baraza na milango ya komeo, ili mtu alale bila kupigwa na upepo wala kutembelewa na kaa. Leo mtu mwenye nyumba ya bati, kitanda cha mninga na feni ya darini anaomba ruhusa kazini, anachangisha kwenye kundi la WhatsApp la familia, kisha anasafiri siku nzima akalale palepale walipopakimbia wazee. Ukimuuliza, anasema anapumzika.

Mimi nilipumzishwa Ushongo, ng'ambo ya mto Pangani, siku za Sabasaba. Mwenye wazo alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kijana msomi mwenye tabia ya kuziamini picha za kwenye simu. "Shem, usipokuja utajuta," aliniambia. Nikaja, nikajuta hukohuko.

Picha zake zilikuwa za kaskazi, Januari au Februari hivi, bahari ya kijani na ngalawa zimejipanga utadhani zimelipwa. Sabasaba ni Julai, na Julai ni kusi. Hilo halihitaji digrii. Kusi huanza masika yakiendelea, likafikia Juni na Julai limekomaa, bahari inachafuka na ufukwe unajaa mwani unaonuka. Juu ya hapo ni kipupwe, na kipupwe kina vimvua vyake, mchoo, vinavyonyesha robo saa, vikaondoka, vikasubiri uanike nguo, vikarudi. Lakini shule zimefungwa, ofisi imetoa ruhusa, na ruhusa haiulizi upepo unavuma kutoka wapi.

Tulichelewa njiani, tukachelewa tena kwenye foleni ya kivuko cha kwenda Bweni, tukafika kambini giza limeshaingia. Ndipo mahema yakatolewa. Letu lilikuwa limeandikwa kwenye mfuko wake kuwa ni la watu wanne. Ningependa kukutana na watu hao. Sisi ni mimi, mke wangu na watoto wawili wembamba, na bado tulipoingia ilibidi tukubaliane upande wa kulalia, na anayetaka kugeuka atoe taarifa mapema. Shemeji alikuwa na lake la mtu mmoja, ambalo lilimtosha hadi magotini.

Kulisimamisha ni habari nyingine. Vigingi vya hema vimetengenezwa kwa ajili ya udongo, na mchanga mkavu hauna habari na kigingi. Unakipigilia, kinaingia kwa heshima zote, upepo unavuta kamba mara moja, kinatoka na kuja kukutafuta usoni. Kamba zenyewe zilikuwa nyuzi za nailoni nyembamba, mbili zikakatika hata hatujafunga zipu. Na hapo ndipo uchungu uliponishika, kwa sababu tulikuwa tumetoka kupita karibu na Kikogwe, shamba ambako mkonge aliouleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 ulianza kustawi. Yaani tuko kwenye ardhi iliyouza kamba dunia nzima, na hema letu limefungwa kwa uzi wa kushonea kandambili.

Shemeji akapata ufumbuzi. Alishuka na tochi kuelekea majini, akapigapiga mguu, akatuita kwa furaha. Huku chini mchanga ni mgumu! Vigingi vinashika! Tukahamisha mizigo yote. Kweli vilishika. Mchanga ulikuwa umeshindiliwa vizuri, una ubaridi, una unyevu kidogo, na hakuna aliyejiuliza nani kaushindilia.

Mlinzi wa kambi akapita, mzee aliyevua maisha yake yote kabla ya kushika tochi ya ulinzi. Tukamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Hapo mnalala au mmetega samaki?"

Shemeji akacheka, akamwonyesha bahari ilikokuwa, mbali kabisa, inanguruma gizani. "Maji yako kule, mzee wangu."

"Sasa hivi yako kule," mzee akasema. "Mwezi umeandama juzi. Leo ni bamvua." Akaaga, akaenda zake. Watu wa pwani hawabishani na mgeni aliyelipa.

Kwa msomaji wa bara nieleze kidogo. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu, hayaendi mbali wala hayaji mbali. Mwezi mpya na mwezi mpevu huleta bamvua, na kwenye mwambao wetu tofauti ya maji ya bamvua yakipwa na yakijaa hupita mita 3, kimo cha mtu na mtu mwingine mabegani. Tena siku za bamvua maji ya Pangani hujaa jioni na kisha alfajiri, kwenye saa kumi, saa kumi na moja. Mchanga uliomfurahisha shemeji ulikuwa umetoka baharini jioni hiyohiyo. Tulifika baada ya mwenye nyumba kutoka, tukadhani ni kiwanja.

Usiku wenyewe sina haja ya kuurefusha. Kaa wa mchangani walitembea juu ya turubai kwa kucha, wakapumzika, wakaendelea. Mvua ya mchoo ikapita. Pumzi zetu zikapanda hadi kwenye dari ya hema, zikageuka maji, zikatudondokea, kwa hiyo tulinyeshewa mara mbili, moja ikiwa mvua yetu wenyewe. Kuna dakika chache upepo ulitulia nikamshukuru Mungu, kumbe usubi nao walikuwa wakisubiri hizohizo. Usubi ni mdudu asiyeonekana, asiyelia kama mbu, anayepita kwenye tundu la chandarua bila kuinama. Kusi likirudi wanaondoka. Unabaki kuchagua upigwe au ung'atwe.

Saa kumi alfajiri mke wangu akauliza kwa sauti ya upole sana, "Baba, godoro linaelea?"

Sikujibu. Swali la aina hiyo huwa limejijibu. Zipu ilikuwa imeshika chumvi na mchanga, haipandi haishuki, tukatokea kwa chini, watoto kwanza, halafu mto, halafu mimi. Shemeji alikuwa ameshasimama nje na viatu vyake mkononi, yaani kimoja, maana cha pili kilikuwa safarini kwenda Zanzibar. Mzee mlinzi alikuwa pembeni na kamba na viroba. Viroba! Alikuwa amevileta kabla.

Akatupandisha juu, karibu na mivinje. Shemeji akataka mnazini kwa sababu panavutia, mzee akamtazama, akatazama nazi, na maneno hayakuhitajika. Kisha akatufundisha: jaza kiroba mchanga, funga kamba katikati, chimba shimo la kufika kwenye kiwiko, kizike kimelala, shindilia. Hema likasimama hadi tunaondoka, na kusi lilijaribu kila mbinu. Kigingi hakikuhitajika. Dukani hawauzi elimu hiyo, wanauza vigingi.

Asubuhi shemeji, ambaye hakati tamaa hata ukimlipa, akataka boti twende Maziwe. Manahodha wote wakatikisa kichwa kwa ajili ya upepo, tukaishia kuhadithiwa. Maziwe kilikuwa kisiwa chenye msitu wa mivinje, kasa wakienda kutaga kwa wingi. Bahari ikakila kidogo kidogo, hata ilipofika miaka ya 1980 hapakuwa na mti hata mmoja. Siku hizi ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kuzama yakijaa. Kasa bado wanakuja kutaga hapo, kwa hiyo watu wa uhifadhi huyachukua mayai wakayafukia Ushongo, mahali pa juu, yasizame. Nikarudia kuuliza nihakikishe nimesikia vizuri. Yai la kasa, lisilolipa kiingilio, linahamishwa kabla ya maji kufika. Mimi mwenye risiti nilihamishwa baada.

Sitadai kwamba kila kitu kilikuwa kibaya, ingawa nilijitahidi. Mchana vijana walishusha tasi kutoka kwenye ngalawa, wabichi, tukawabanika kwa mkaa, chumvi, ndimu na pilipili mbuzi. Wali ulikuwa na mchanga, ukitafuna unasikika hadi kwa jirani, lakini samaki alikuwa msafi na hatukuzungumza mpaka tukafika kwenye mifupa. Chai ya tangawizi kwenye kikombe cha bati, mikono ikiwa imekufa ganzi kwa baridi ya alfajiri, ina utamu ambao sijawahi kuupata sebuleni. Watoto walikimbizana na kaa tangu jua linatoka, hawakuomba simu hata mara moja, na hilo peke yake nilikuwa tayari kulilipia. Mke wangu alimtazama mdogo wake akichechemea na kiatu kimoja, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Mara ya mwisho nilimwona akicheka hivyo hatujazaa.

Hayo niliyaweka moyoni. Mbele ya shemeji nilinuna safari nzima, kwa sababu mtu wa aina yake ukimwonyesha jino moja tu, anakata tiketi nyingine.

Hata hivyo ameshakata. Anataka turudi Januari, kaskazi likivuma, na safari hii amenunua hema la watu sita, maana yake tutaenea. Nawe ukipatwa na shemeji kama huyu, mtafute mzee wa hapo kabla hujafungua mfuko wa hema, muulize mwezi uko wapi na maji ya jioni yalifika wapi, na nenda na viroba. Mimi nimeshaulizia chumba cha wageni Pangani mjini. Asubuhi nitavuka kwa kivuko, nitakula tasi, nitakunywa chai yao, na jua likianza kushuka nitawaaga vizuri nikalale kwenye kitanda chenye miguu.