Sisi Wafugaji wa Nyoka Tusio na Kibali

Miongozo wanayoandikiwa watu wa Ulaya na Marekani wanaotaka kufuga nyoka kwa mara ya kwanza husisitiza mambo matano kuliko mengine yote: nyoka apate joto, apate maficho, apate maji, apate panya, na nyumba yake iwe na mfuniko unaofunga sawasawa. Sasa chukua mwongozo huo, toka nao Songea, pita Tunduru, shuka kusini hadi Nalasi, kisha ingia katika mji wowote wa mkulima wa korosho na ukague kitu kimoja kimoja. Joto lipo. Maficho yapo. Maji yapo. Panya wapo, tena wamenona. Kinachokosekana ni mfuniko tu. Hoja yangu ni hiyo: watu wa Nalasi, na Watanzania wengi wa vijijini pamoja nao, ni wafugaji hodari wa nyoka, ila hawajijui, hawana kibali, na banda wanalofugia ndilo wanalolala wenyewe. Kwa hiyo mwongozo wa kufuga nyoka una faida kubwa sana kwetu, mradi tuusome kinyumenyume.

Tuanze na joto, maana hapo ndipo wafugaji wapya wengi wanapoharibu. Nyoka hazalishi joto lake kama mbuzi au binadamu. Hulichukua nje, na akilikosa hata panya aliyekwisha kummeza hasagiki. Humwozea tumboni mpaka amteme. Ndiyo maana mfugaji wa yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi, anayejiviringa kama mpira akitishwa na ambaye ni kipenzi kikubwa cha wanaoanza, huambiwa upande mmoja wa kizimba uwe na nyuzi joto 31 hivi na upande wa pili uwe na 26, ili mnyama ahame mwenyewe. Masikini mfugaji hununua taa, waya, kipimajoto na kifaa cha kurekebisha umeme. Umeme ukizidi, nyoka anaungua. Ukikatika, nyoka anagoma kula. Mzee wa Nalasi hana hata kimoja katika vifaa hivyo, lakini huduma yake haijawahi kukatika. Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, ukuta wa tofali uliopigwa na jua la alasiri hutunza joto hadi usiku, na hatua chache kutoka hapo pana sakafu ya udongo chini ya mtungi, yenye ubaridi na unyevu. Nyoka anazo pande zake mbili, na hakuna aliyenunua luku.

Kwenye maficho ndiyo tumewazidi kabisa. Mwongozo unataka maficho mawili, moja kila upande wa kizimba, tena yabane, kwa kuwa nyoka hutulia anapoguswa na kuta pande zote. Mfugaji mgeni hudhani anamfanyia hisani mnyama wake kwa kumpa kizimba kikubwa, kitupu, chenye mwanga mzuri wa kumwonyeshea wageni, halafu anashangaa nyoka amefunga miezi mitatu bila kuutangaza mfungo. Sisi kosa hilo hatulifanyi. Rundo la kuni limeegemea ukuta wa jiko. Matofali ya kuchoma yamepangwa uani kusubiri chumba cha watoto, ambacho kitajengwa mara korosho zitakapolipa vizuri. Bahati mbaya kila msimu huja na deni lake la kulipwa kwanza, na matofali yameanza kuota majani. Nyuma ya choo pana kichuguu na mabati ya zamani ambayo hakuna anayekubali yatupwe. Juu ya yote hayo upo uvungu wa kitanda, wenye sanduku la harusi, majembe mawili yasiyo na mipini na viatu vya mtoto ambaye sasa ana ndevu. Wapo wafugaji Ujerumani wanaolipa fedha nyingi dukani ili wapate maficho yasiyofikia nusu ya ubora huo.

Chakula hakina ubishi. Wataalamu wanashauri nyoka mdogo apewe panya asiyezidi unene wa mwili wake, mara moja kwa wiki au siku kumi, tena panya aliyekwisha kufa. Sharti hilo la mwisho si huruma kwa panya. Panya mzima akiachwa kizimbani na nyoka asiye na njaa, humgeukia mwenyeji na kumtafuna, na wako nyoka waliokufa kwa kuumwa na chakula chao wenyewe. Nalasi aibu hiyo haitokei, kwa sababu mgeni hujihudumia kwa saa anazozitaka. Mahindi yako kwenye magunia juu ya sakafu ya chumba, karanga pembeni, pumba za kuku mlangoni, na panya wanazunguka humo kama wajumbe wa kamati ya mazao. Anayewafuata zaidi ni nyoka wa nyumbani wa rangi ya kahawia, mwenye mistari miwili hafifu kichwani, asiye na sumu, anayetembea usiku na kuua kwa kukaba. Huko Ulaya huyu anauzwa kama nyoka mzuri kwa anayeanza. Hapa huja bure, hufanya kazi ya paka bila kudai dagaa, na malipo yake ni mpini wa jembe.

Tatizo ni kwamba banda lililomfaa huyo mpole linawafaa na wengine. Swila hupenda panya na vyura, na hapandi mlima kuwatafuta wakati wako chini ya mtungi. Kifutu hulala kwenye majani makavu bila kujitingisha, akiamini kuwa atakayepita ataangalia chini. Koboko hukaa kwenye vichuguu na mashimo ya miti. Yule nyoka wa kijani mwenye sumu kali, ndugu yake koboko, hukaa juu kwenye miembe na mikorosho; ndiye aliyempeleka Newala, mashariki yetu, Constantine Ionides, aliyekuwa bwana nyama wa Serikali ya Tanganyika kule Liwale na mkamata nyoka mashuhuri hadi alipofariki mwaka 1968. Ionides alikuwa akiwatoa kwenye matawi kwa mti mrefu wenye koleo. Wenye mikorosho hiyohiyo leo huenda kuokota korosho kwa kandambili.

Linabaki suala la mfuniko, na hapa Ulaya na Nalasi wanakuwa ndugu. Kila mwongozo huonya kwamba nyoka hupita popote kichwa chake kinapopita, kwamba kitabu kizito juu ya kizimba si kufuli, na kwamba nyoka aliyetoroka hutafutwa kwanza nyuma ya jokofu, palipo na joto. Wafugaji wapya husoma onyo hilo, hutikisa kichwa, kisha hukaa wiki nzima wakiinua makochi usiku huku jirani wa ghorofa ya chini akiwa hajaambiwa kitu. Sisi mfuniko wetu ni mlango wenye uwazi chini unaopitisha kifaranga, dirisha lisilo na wavu, na nafasi kati ya ukuta na paa tuliyoiacha kwa ajili ya upepo. Tofauti ni moja tu. Mzungu hufanya kosa hilo nyoka akatoka. Sisi hulifanya nyoka akaingia.

Atatokea msomaji wa kusema dawa ni moja: kila nyoka anayeonekana auawe. Hoja hii ina wafuasi wengi, na wengi wao wakati wa tukio huwa juu ya meza wakitoa maelekezo. Lakini haisimami. Kuua nyoka bila kuondoa panya ni kutangaza nafasi ya kazi. Nyumba ni ileile, mshahara ni uleule, na atakayeomba nafasi hiyo huenda akawa na sumu. Tena nyoka aliyeachiwa njia kwa kawaida huondoka, ila anayetaka kumpiga hulazimika kumsogelea mpaka afikike, na akifikika yeye, na wewe umefikika. Swila anayetema hahitaji hata kufikiwa, kwa kuwa hurusha sumu mita mbili na zaidi akiyalenga macho, na mpiganaji huacha vita kwenda kunawa kwa maji mengi. Aliyemo chumbani na watoto hawezi kupuuzwa, nakubali. Watoto watolewe, mlango wa nje uachwe wazi, mtu mmoja amwangalie kwa mbali, aitwe anayejua. Mkutano wa hadhara haumsaidii yeyote.

Wa pili atauliza kinyume chake: kama tuna mazingira mazuri hivi, kwa nini tusifuge kweli, tukapata watalii? Mbona Wasukuma hucheza ngoma na chatu shingoni, na pale Meserani karibu na Arusha wapo nyoka kwenye vizimba tangu mwaka 1993? Ni kweli, kama ilivyo kweli kwamba Watamu, pwani ya Kenya, liko shamba la nyoka tangu mwaka 1980. Ila hao ni watu wa fani. Wacheza ngoma wa Usukumani walirithi mafunzo na dawa zao katika vyama vyenye miiko, na Ionides pamoja na ujuzi wake wote aliumwa mara kadhaa. Halafu ipo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, isemayo wanyamapori ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Maana yake yule aliyejikunja nyuma ya gunia lako si wako, na kumfungia kwenye ndoo bila kibali kunakuweka kwenye mazungumzo marefu na maofisa wa wanyamapori. Mwisho kabisa uangalie muda. Mwaka 2020, katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, chatu mdogo wa aina ile niliyoitaja alitaga mayai akiwa na umri unaokadiriwa kuzidi miaka 60. Anayeanza kufuga nyoka akiwa kijana ajiandae kumwandika mnyama kwenye wosia, na awaandae warithi kuukataa.

Wa tatu hatasema hadharani, ila atanong'ona: nyoka wengine hawaji, hutumwa. Sitabishana naye juu ya mtumaji, maana mabishano hayo hayana mshindi. Nitamwomba atazame safari yenyewe. Nyoka wa kutumwa naye anahitaji tundu la kupitia, rundo la kujificha na panya wa kula anaposubiri amri. Ziba tundu, ondoa rundo, hifadhi mahindi vizuri, na mtumaji atakuwa amepoteza nauli. Isitoshe, ukichunguza utaona kwamba nyumba zinazotumiwa nyoka mara kwa mara ndizo zenye panya wengi, jambo linaloonyesha kwamba wachawi wetu wanafuata kanuni za ikolojia kwa uaminifu mkubwa.

Pingamizi la nne ndilo zito: fedha. Saruji ina bei, wavu una bei, nyumba bora ina bei, na mwandishi anayempa mkulima ushauri wa gharama anastahili kupelekwa akapalilie. Lakini ukiupindua mwongozo wa mfugaji, mambo mengi yanadai jasho kuliko shilingi. Maficho yaondoke: kuni zihamishiwe mbali na ukuta na kuinuliwa juu ya kichanja, uvungu ufagiliwe, na matofali yajenge kitu, hata kama ni kibanda cha kuku. Chakula kiondoke: mahindi yawekwe kwenye pipa au kihenge cha bati chenye mfuniko, pumba zisilale nje, mayai yaokotwe jioni. Maji yasimwagike chini ya mtungi. Uwazi wa mlango uzibwe kwa ubao au gunia lililokunjwa. Usiku mtu atembee na tochi, na alale kitandani ndani ya chandarua kilichochomekwa chini ya godoro, kwani swila anayetema aliyepewa jina la Msumbiji, nchi iliyo ng'ambo tu ya Mto Ruvuma kutoka kwetu, anajulikana kwa kuwauma watu waliolala. Chandarua tulichopewa kwa ajili ya mbu kinamzuia na huyu, ilimradi kiwe kitandani na si bustanini kikilinda mchicha.

Ucheshi una mpaka wake. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza ugonjwa utokanao na sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, na linakadiria kuwa huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani. Wengi wao ni wakulima na watoto wa vijiji kama vyetu. Aliyeumwa asichanjwe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba ya kukata damu, wala asicheleweshwe kwa jiwe la nyoka. Atulizwe, avuliwe pete na bangili, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, apelekwe hospitali haraka kwa chombo chochote kilichopo, na nyoka asifuatwe porini kwa ajili ya ushahidi. Hayo ni ya siku ya ajali. Ya leo ni mepesi zaidi: kabla jua halijazama, toa kila kitu kilichomo uvunguni kwa fimbo ndefu, fagia, na urudishe unachokihitaji tu. Viatu vya yule mwenye ndevu mpe mwenyewe.