Sifa za Mnyoo wa Tope

Nimeamua kumsifu mnyoo wa tope, maana wasifuji wote wamekwishatekwa na ndege. Mheshimiwa huyu hana mfupa, hana manyoya, hana wimbo, na nyumba yake inanuka yai viza. Hata kujitokeza apigwe picha hataki. Lakini nionyesheni kitwitwi mmoja anayeruka kwa nguvu zake mwenyewe.

Nenda hori ya Mida, pale Watamu, siku za bamvua, maji yakiwa yamekupwa. Wageni wenye darubini shingoni wanatazama mbali; wewe tazama chini. Tope juu ni la kijivu, lakini ukichimba kidogo kwa kidole ni jeusi tititi kwa kukosa oksijeni, na ndiko inakotoka ile harufu. Pasua bonge taratibu. Utaona kitobo chembamba chenye ukingo wa rangi ya kutu. Hiyo ni kutu kweli: mwenye nyumba hujinyonganyonga humo ndani akivuta maji yenye oksijeni, na chuma kilichomo topeni kikabadilika rangi. Mtaa mzima unapumua kwa jasho lake, wala hajawahi kudai posho.

Wateja wake ni wengi. Wenye mdomo mfupi hukimbia hatua chache, wakasimama ghafla, wakakodoa macho. Wenye mdomo mrefu hawana haja ya kuona, kwani ncha ya mdomo imejaa mishipa ya fahamu. Huidunga topeni, wakahisi windo, kisha wakafungua ncha peke yake huku mdomo uliobaki umefumba. Sululu naye ana mdomo uliopinda, unaoingia sawasawa katika shimo la kaa. Watu husifu midomo hiyo kana kwamba ndege walijichongea. Fundi ni yule aliyejificha chini zaidi na zaidi, hadi anayemtaka ikambidi awe na mdomo wa kumfikia.

Wapo jamaa zake wa pwani za Ulaya wanaoishi kichwa chini wakila mchanga, na kila wakitaka kujisaidia hupandisha mkia juu. Ndege wanaijua saa hiyo. Mkia ukinyofolewa, mwenyewe huteremka akaendelea na kazi. Sijui wangapi kati yetu tungevumilia kuvamiwa chooni namna hiyo, tena kila siku.

Sasa kuhusu umaarufu. Oktoba 2022 ndege mmoja mchanga wa miezi mitano aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, siku 11, bila kutua wala kula. Guinness wakamwandika kitabuni. Mafuta aliyoyachoma njiani yalitoka kwa viumbe wa tope, kombe wadogo na minyoo, na hakuna hata mmoja wao aliyetajwa. Vitwitwi wetu wa Mida nao, wenye gramu 60 hivi, hunenepea hapa kabla ya kurudi Siberia kutaga. Mwenye gari husifiwa kwa safari. Muuza petroli nani anamkumbuka?

Yapo makosa ya mheshimiwa, sikatai. Ananuka, anateleza, na kiwanja chake kinaonekana kitupu, hivyo kila mwenye lori la kifusi humwona kama ardhi isiyo na mwenyewe. Korea Kusini walimwona hivyo. Ukuta wa Saemangeum, zaidi ya kilomita 33, ulizibwa pengo la mwisho mwaka 2006 na kulitenga tope na bahari. Kombe na minyoo wakafa, na makumi ya maelfu ya ndege waliokuwa wakishukia hapo kujaza tumbo hawakuonekana tena.

Basi, ndugu msomaji, ukisikia mtu anataka kujaza tope la kwenu ili ajenge hoteli ya kutazamia ndege, muulize kwanza ndege hao watakula nini.