Mkono Mbea

Nakaa Temeke, hatua chache kutoka soko la Sterio. Ukimwambia mgeni kwamba kwako ni Sterio, anadhani unajisifia muziki. Basi nami, kwa kutaka nifanane na jina la mtaa, nimenunua mkono mpya wa gramafoni. Tangu siku hiyo sijasikiliza wimbo hata mmoja ukaisha.

Gramafoni yenyewe ni ya marehemu baba. Mkono wake wa zamani ulikuwa mzito kama mchi, na juu ya kichwa cha sindano mzee alibandika kwa plasta senti hamsini, ile yenye sungura, ili sindano isiruke. Kweli haikuruka. Santuri ziliimba huku zikichubuka, miaka nenda miaka rudi. Mkono ule ulikuwa kama babu aliyeanza kuziba masikio: anasikia matatu, saba anayaacha yapite. Nyumba ilikuwa na amani.

Kisha beringi ikalegea. Nikaenda Kariakoo kwa fundi kutafuta kipuri, nikatoka na shule.

"Mzee wangu, sauti iko kwenye mkono," akaniambia, na mimi miaka yote nilidhani iko kwenye spika.

Akachora kwenye boksi la biskuti. Santuri mama huchongwa na mashine inayokwenda mstari ulionyooka, kutoka ukingoni hadi katikati. Mkono wetu umefungwa upande mmoja kama mlango, kwa hiyo unapita kwa upinde, na sindano hailali sawa na mfereji wake. Ndiyo maana mikono mingi imepindwa kama herufi S, au kichwa kinakaa upogo. Mswidi mmoja, Erik Löfgren, alilipigia jambo hili hesabu mwaka 1938, na hata ukiifuata hesabu yake, sindano inakaa sawasawa sehemu mbili tu za santuri. Kwingine kote ni kuvumiliana. Nimeoa miaka thelathini. Somo hili sikuhitaji kurudiwa.

Shemeji yangu aliyeko Muscat akaniletea mkono mwepesi wa Kijapani, mtumba. Laki sita! Kwa laki sita Tandika unavisha ukoo mzima mitumba na nauli ya kurudi inabaki. Nao ukaja na sharti: sindano ikandamize kwa gramu mbili, unarekebisha kwa kuzungusha kile kijiwe cha nyuma. Gramu mbili ni nusu kijiko cha chai cha sukari. Zile gramafoni za kupiga hendeli, zilizopiga santuri alizorekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928, zilikandamiza kwa zaidi ya gramu mia, sindano ya chuma ukiibadilisha kila upande ukiisha, na hakuna aliyelalamika. Mimi natakiwa nusu kijiko.

Mizani ya Mangi hapa dukani inaanza kushtuka kwenye robo kilo. Ikabidi niende kwa sonara. Akasema mizani yake haitoki dukani. Nikakodi bajaji, nikapakia gramafoni, nikarudi.

"Unapima nini, mzee?"

"Sindano."

"Ya dhahabu?"

"Ya almasi," nikajibu, na sikusema uongo, maana ncha yake ni almasi.

Dakika hiyohiyo nikaletewa kiti. Soda ikafuata. Sonara akavaa lenzi jichoni, akaitafuta almasi, akaitafuta tena, akaiona: chembe ambayo siafu asingehangaika kuibeba. Soda nikailipia mwenyewe.

Nikaweka "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe na Super Volcano. Santuri ilitoka Nairobi, kama zilivyotoka nyingi za bendi zetu, kwa kuwa sisi kiwanda hatukuwa nacho. Niseme haki: dakika ya kwanza nililegea. Magitaa yaliyokuwa yamekumbatiana kama abiria wa daladala ya Mbagala yaliachana, kila moja likapata kiti chake. Besi ikashuka chini ikatembea. Nilisikia kidole kikiteleza kwenye waya.

Halafu mkono ukaanza umbea. Ukataja mchubuko nilioutia mimi mwenyewe nikiwa na miaka saba, siri niliyomficha baba hadi kaburini. Ukataja vumbi. Lori la makontena likipita barabara ya Mandela, unataja. Mama watoto akitwanga kisamvu uani, sindano inaruka kila mchi ukitua, Mbaraka anarudia neno moja kama karani anayehakiki jina. Fundi nilipompigia akasema mkono mwepesi lazima uoane na kichwa chake, na mtetemo wao wa pamoja ukae karibu na mara 10 kwa sekunde. Ukishuka chini ya hapo, hata mtu akitembea sebuleni sindano inacheza naye. Nikamuuliza yeye anakaa wapi. Goba, akasema. Uwanja mkubwa, kimya. Nikakata simu.

Jumamosi jirani akaangusha kigodoro. Spika za kimo cha mlango, singeli. Besi ikapenya ukuta, ikapanda mguu wa meza, ikaingia kwenye sindano, ikapita amplifaya, ikatokea kwenye spika zangu. Mbaraka, aliyefariki Januari 1979, akawa anaimba juu ya singeli sebuleni kwangu.

Mama watoto akachungulia. "Hizi laki sita ulitoa ili uisikie Shida vizuri?"

"Ndiyo."

"Basi unaisikia."

Usiku ule nikabandua senti hamsini ya mzee kwenye mkono wa zamani. Kabla sijaihamishia huku nataka kujua ina gramu ngapi, lakini tatizo ni sonara. Siku hizi akiona bajaji imepakia gramafoni, anashusha geti.