Sifa za Jiwe Linalokula Viatu

Wako wanaolisifu ziwa Kivu, wako wanaozisifu sambaza zake zikitoka motoni, na wako ambao kwao Mungu alimaliza kazi siku alipoiumba jibini ya Masisi. Mimi nalisifu jiwe. Sisemi dhahabu, wala koltani inayotajwa redioni kila kukicha. Nasema lile jeusi la mji wetu wa Goma, la matundu matundu, lenye meno, linalomaliza soli ya kiatu kipya kabla hujamaliza kulipa deni lake. Jiwe la volkano.

Nalisifu kwa sababu ninajiandaa kwenda Ncha ya Kusini. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana mbele kuna mlima na pumzi itahitajika.

Huko Ulaya, mtu akitaka kwenda kwenye barafu hutafuta mateso kwanza. Hujifunga mkanda kiunoni, akaunga kamba, na mwisho wa kamba akafunga tairi kuukuu la gari, kisha akaliburuta vilimani kutwa nzima. Tairi likikwaruza ardhi huwa zito kama sleji iliyosheheni chakula cha miezi miwili. Mwisho wa wiki hutembea saa sita, saa nane, begi mgongoni, na mvua ikinyesha hufurahi. Asiye na kilima hupanda na kushuka ngazi za ghorofa hadi mlinzi amtilie shaka. Kisha hununua viatu vya bei ya ng'ombe ili ateseke vizuri zaidi.

Sisi mateso hatuyatafuti. Yamelala mlangoni, ukitoka tu unayakanyaga.

Kwa msomaji wa mbali: jiwe letu lina tarehe za kuzaliwa. Lipo la 10 Januari 1977, lililoteremka kutoka mlima wa volkano wa Nyiragongo likiwa jepesi kama uji, kwa mbio zilizokadiriwa kufika kilomita 60 kwa saa. Lipo la 17 Januari 2002, lililopita katikati ya mji, likafunika kipande cha njia ya ndege na kwenda kuzimikia ziwani. Na yupo kitinda mimba wa 22 Mei 2021, aliyechoka akalala Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Mengine ni ya zamani zaidi, hayana cheti cha kuzaliwa, kama babu zetu. Kuna wenzetu ambao nyumba yao ya leo imesimama juu ya nyumba yao ya jana. Choo hapa hakichimbwi, kinapiganiwa kwa nyundo na mtaimbo.

Wasomi wa barafu wanasema kitu kigumu kule ni matuta ya theluji yaliyochongwa na upepo, magumu kama mbao, huyaita sastrugi. Mtu hujikwaa humo kutwa nzima, sleji ikipinduka nyuma yake. Nilipoziona picha nilidhani ni mtaa wetu umepigwa chokaa. Halafu wanaogopa nyufa, zile za kumeza mtu na mzigo wake. Mei 2021 nyufa zilifunguka katikati ya mji huu, na mama mmoja jirani yangu aliuvuka wake akiwa na bido ya lita 20 kichwani, bila kamba wala kocha, akilalamikia bei ya makala.

Na kilima? Ncha ya Kusini iko mita 2,835 juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa kreta ya Nyiragongo uko mita 3,470. Kwa hesabu hiyo, anayetoka kwetu kwenda nchani anateremka. Njia ya Kibati inaanza na msitu kwa upole, kama mkwe anayekukaribisha, halafu inakukabidhi kwa jiwe: changarawe ya volkano inayobingirika chini ya mguu, hatua mbili mbele, moja nyuma, mwendo wa saa nne au tano, wengine sita. Juu kuna baridi ya kugonganisha meno. Siku za amani, wageni wakipanda, nyuma yao walipanda vijana wa Kibati na mizigo ya wageni, na gunia la makala juu yake, wengine wamevaa buti za mpira. Walipofika ndio waliowasha moto, na mgeni ndiye aliyepigwa picha.

Historia nayo iko upande wangu. Luigi Amedeo, yule Duke wa Abruzzi, alikwenda Aktiki kwanza, 1899 hadi 1900, baridi ikamla vidole viwili. Ndipo akaja kwenye milima ya Ruwenzori, na tarehe 18 Juni 1906 akasimama juu ya kilele cha Margherita, mita 5,109, mpakani mwa Kongo na Uganda. Barafu ya kilele kile, au masalia yake, upande wetu ni ya Kivu Kaskazini hii hii. Mtu alianza na mtihani, akaja kusoma baadaye. Angeanzia kwetu, pengine vidole vingetimia.

Na Robert Scott wa Uingereza? Aliwasili nchani 17 Januari 1912, akakuta Amundsen wa Norway ameshatangulia tangu 14 Desemba. Miaka 90 baadaye, tarehe ile ile, lava iliwasili Goma. Yenyewe ilikuta sisi ndio tumetangulia, kuelekea Gisenyi ng'ambo ya mpaka, magodoro kichwani. Lakini ninachompendea Scott ni hiki: wakirudi, njaa imewashika, miguu imeoza kwa baridi, yeye na wenzake waliendelea kuburuta kilo 16 za mawe waliyoyaokota njiani. Walikufa nayo. Huyo alilijua jiwe ni nini. Angezaliwa Birere, mtaa wa hapa Goma, asingehangaika kuyabeba, yangemfuata yenyewe.

Safari ndefu za miguu nazo jiwe limetufundisha. Tarehe 27 Mei 2021 ilipotangazwa kwamba sehemu kubwa ya mji ihame, umati ulishika njia ya Sake, zaidi ya kilomita 20, mtoto mgongoni, sufuria mkononi, na hakuna aliyeulizwa kama amefanya mazoezi. Safari zetu nyingine, zile za kufukuzwa na bunduki, siziingizi humu. Kwa hizo jiwe halina hatia, na mimi leo kazi yangu ni kusifu.

Basi nami nikatafuta tairi. Nikajifunga kamba, nikashika njia ya Rutshuru alfajiri, kupanda kuelekea Kibati. Tairi lilikuwa likiruka juu ya mawe kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Nilikuwa sijafika mbali nikasikia nyuma yangu kilio cha mbao. Muzee mmoja, ndevu nyeupe, sapatu miguuni, anasukuma tshukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kupandisha, juu yake magunia matatu ya unga na katoni za sabuni. Bega lake liko kwenye mzigo, shavu limelazwa juu ya gunia kana kwamba anausikiliza unga. Akanifikia. Akapunguza mwendo kwa heshima.

"Papa, ile mupira unapeleka wapi?"

"Sipeleki, Muzee. Ni mazoezi. Nataka kwenda kusini ya dunia, kule kwenye barafu. Nitavuta mzigo kilomita elfu moja na zaidi."

"Kule kuko nini?"

"Hakuna kitu, Muzee."

"Watu?"

"Kidogo sana."

Akasukuma hatua kama kumi akifikiri. "Sasa ule muzigo utauzisha nani?"

Sikuwa na jibu, na pumzi ya kulitafutia sikuwa nayo. Aliniacha pale. Nilihesabu baadaye: Scott na wenzake walivuta kama kilo 90 kila mtu, na dunia imewajengea sanamu. Tshukudu hubeba 300 na zaidi. Haki itendeke lakini, nayo ina sanamu yake pale kwenye mzunguko, inang'aa kwa rangi ya dhahabu. Aliyesahauliwa ni msukumaji wa kila siku, anayeizunguka akitafuta mteja.

Miezi mitatu nimeburuta. Miguu yangu sasa ni ya chuma, hilo nalishukuru jiwe. Ila lilikuwa likifanya kazi yake kimyakimya huku mimi nikifanya yangu: limelitafuna tairi mpaka nyuzi zikatoka nje. Wiki iliyopita nilikutana tena na yule muzee, akapiga breki, akaligeuza mkononi, akalibonyeza kwa kidole gumba kama mama anayechagua parachichi. Upande mmoja ulikuwa bado mzima. Akatoa kisu, akakata ukanda mrefu, akauvisha gurudumu lake la mbao na kuugongomelea misumari, akitumia jiwe kama nyundo. Kipande kilichobaki alikipima kwenye wayo wake, akasema kinatosha sapatu mbili.

Alipokwisha kukunja kamba yangu na kunirudishia, akaniuliza, "Ingine utaleta lini?"