Kwa Heshima ya Kontroo Boksi

Jahazi limeimbiwa, mnazi umeimbiwa, hata embe dodo lina washairi wake. Kontroo boksi ya gari kuukuu, ile kompyuta inayoongoza injini, haijapata hata ubeti mmoja. Dhuluma hii imedumu vya kutosha, na leo nainuka kuilipa deni lake.

Nasaba yake kwanza, maana ni ya kiserikali kabisa. Marekani ilipotunga sheria ya hewa safi mwaka 1970, kabureta ikaanza kuonekana jeuri isiyojua kipimo, na kufikia 1981 General Motors walikuwa wanaweka kompyuta karibu katika magari yao yote madogo ya petroli. Bidii yake haina mfano. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kisanduku hiki kilichojibanza nyuma ya dashibodi huagiza cheche 200 kila sekunde, huku kikisoma joto la maji na moshi unaotoka, na hakijawahi kuomba pesa ya chai. Unyenyekevu je? Chipu zake za zamani zina kidirisha cha kioo kilichofunikwa kwa stika. Stika ikibanduka, mwanga wa jua hufuta kumbukumbu taratibu, nacho hakilalamiki.

Lakini hayo yote ni madogo mbele ya uaminifu wake. Katika mji ambao ahadi ya saa nne hutimizwa saa nane, hiki ndicho kiumbe pekee kinachojua maana ya ndoa. Boksi lenye imobilaiza, ile kinga ya umeme dhidi ya wezi, likishaozwa kwa ufunguo wake, limeozwa. Mletee ufunguo wa gari pacha, la kiwanda kile kile, mwaka ule ule, rangi ile ile: atakutazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Mume wake wa kwanza, yaani ule ufunguo, amebaki Japani kwa mstaafu fulani. Gari lao limekatwa vipande, limepakiwa kontena, limepita Sharjah, limeshushwa Dar es Salaam, na bibi harusi amepangwa rafuni Shaurimoyo kati ya shokabu na taa za nyuma. Eda imekwisha miaka mingi, bado hataki kuposwa. Umpelekee washenga wa kila namna, fundi umeme, dalali, kijana wa kuflashi mwenye kompyuta mpakato iliyopasuka kioo, jibu ni moja: gari haliwaki.

Na usidhani wasio na imobilaiza ni wepesi. Hao huuliza ukoo. Namba iliyobandikwa mgongoni ikitofautiana kwa tarakimu za mwisho tu, basi huyu alizaliwa kwa gia za otomatiki na wewe unakanyaga klachi. Hamfai kukaa pamoja.

Fadhila zilizobaki nazitaja kwa mkupuo. Hufundisha jiografia. Huimarisha misuli ya miguu, kwa kuwa mwenye gari hutembea akilitafuta boksi jingine. Hukupa marafiki wapya, ambao wote wanajua mtu mwenye mtu anayelo.

Anayelo kweli atakuuzia, tena kwa bashasha, kisha ataandika chini ya risiti: mali ya umeme hairudishwi. Unafunga, halifanyi kazi, unarudi. "Fundi wako ameliunguza, kaka." Sasa mimi nauliza: ameliunguza kwa nini, kwa mate? Nimenunua kitu kibovu ambacho muuzaji hakukipima kwa sababu hana cha kukipimia, nami ndiye nibebe hasara? Na ubovu wenyewe mara nyingi ni kapasita zilizozeeka, zikavuja, maji yake yakala njia za shaba. Kapasita ya bei ya soda! Fundi redio yeyote mwenye mkono mtulivu anaibadilisha.

Mnisamehe. Nilikuwa nasifu.

Basi niwasifu na wakunga wa boksi hili. Watengenezaji wameunda injini inayodumu miongo mitatu, wakaipa ubongo ambao baada ya miaka kadhaa hawautengenezi tena, wala ramani yake hawaitoi. Fundi redio anaweza kubadilisha kapasita. Programu iliyofutika hana pa kuitoa, wenyewe wameifungia. Huko Massachusetts, Marekani, mwaka 2012 wapiga kura waliamua kwamba watengenezaji lazima wawauzie mafundi wa mitaani taarifa zile zile wanazopewa mafundi wa mawakala. Kampuni hizo zinauza magari duniani kote, nazo hazikufilisika.

Huku kwetu serikali nazo zinahangaikia umri wa gari. Kenya hairuhusu kuingiza lililozidi miaka 8. Tanzania hulipokea, ila hulitoza ushuru wa ziada kwa kosa la uzee. Bandarini gari linaulizwa mwaka wa kuzaliwa kwa ukali wote. Mtengenezaji haulizwi lolote: spea zitapatikana hadi lini, programu itatolewa kwa nani, kwa bei gani.

Waheshimiwa mnaotunga sheria, magari yenu mapya yatazeeka pia. Ushuru wa uzee mnao tayari. Tungeni na sheria ya spea, na anayetuuzia injini alazimishwe kutuachia na ramani ya ubongo wake.