Sifa za Vumbi la Longonot

Vumbi la Mlima Longonot ni jivu la volkano lililosagwa na upepo, mvua na visigino vya watu. Mlima wenyewe umesimama ndani ya Bonde la Ufa, kusini-mashariki mwa Ziwa Naivasha, kilomita zipatazo 90 kutoka Nairobi, na inaaminika kwamba ulilipuka mara ya mwisho katika miaka ya 1860. Wanaoisifu hifadhi ya mlima huu, iliyotangazwa mwaka 1983, husifu msitu uliojificha ndani ya kasoko, mvuke unaofuka kutani, na twiga wa mbugani chini. Vumbi halisifiwi na yeyote, ingawa ndilo mwenyeji pekee anayempokea mgeni langoni na kumsindikiza hadi kitandani kwake.

Fadhila yake ya kwanza ni usawa. Kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko ni kilomita 3 hivi za kupanda, na maji ya mvua yameichimba njia mpaka mahali pengine imekuwa handaki. Aliyevaa buti mpya na aliyevaa raba za mtumba hufika juu wakiwa na miguu ya rangi moja. Mwenye haraka huzama kisigino na kurudi alikotoka kwa nusu hatua, hivyo vumbi humfunza adabu ya mlima mapema, bila kumtoza chochote zaidi ya pumzi.

Thamani yake kamili huonekana kwenye mzunguko wa ukingoni, kilomita 7.2 zinazopanda na kushuka hadi Kilele, penye mita 2,776, kisha kurudi pale pale. Anayeuzunguka peke yake hana wa kumuuliza njia wala habari. Vumbi humpa vyote. Alama za kwato zenye kingo kali ni za leo. Zilizolainishwa na upepo ni za zamani, nazo ni za kuangaliwa kwa utulivu zaidi, hasa zikiwa za nyati. Soli za waliotangulia huonyesha nani alikimbia, nani aliburuta mguu. Kwenye mwinuko mkali wa kuelekea Kilele huongezeka alama za viganja, na kwenye mteremko wa upande wa pili hutokea alama moja pana, laini, isiyo ya mnyama yeyote wa hifadhi: hapo mtu mzima ameketi bila kupanga. Ukungu ukishuka, ni vumbi tena linalomhakikishia msafiri kwamba nyayo zilizo mbele yake ni zake mwenyewe na kwamba mzunguko umekwisha. Bila ushahidi huo angeweza kuanza wa pili.

Vumbi pia ni tabibu. Ukingoni hakuna chemchemi, na wenye kiburi husahau kunywa maji mpaka kichwa kiume. Vumbi halimruhusu mtu kusahau. Hukausha koo kwa bidii mpaka chupa ifunguliwe. Kwa macho halina msaada wowote, ila kuyafanya yatoe machozi mbele ya mandhari ambayo wengine huyatazama kikavu.

Adui yake ni mvua za masika. Zikinyesha, vumbi hulala, njia hushikamana, na wapandaji hushangilia. Ni furaha ya muda. Maji yale yale huchimba handaki na kuteremsha jivu jipya, na jua likirudi, ghala limejaa kwa msimu mzima.

Kushuka ndiko kunakokamilisha ukarimu wake. Miguu huteleza, wingu huinuka nyuma ya kila anayekimbia, na aliye nyuma yake hupata fungu maradufu. Langoni watu hupangusana mabega. Vumbi hukubali kuhama nguo, lakini halikubali kuachwa: hukaa masikioni, katika tundu la kuchajia simu na kwenye mishono ya mkoba. Nyumbani beseni la kwanza hutoka kijivu, la pili hutoka kijivu kidogo. Soksi nyeupe huhesabiwa kuwa za kijivu tangu siku hiyo.