Papa, Huku Kuna Joto

Watu wa Torino wana huruma na Waafrika, hasa kuanzia mwezi wa kumi. Mvua ikianza kudondoka tu, mama mmoja wa parokia anakusimamisha kwenye ngazi za kanisa, anakushika kiganja kuona kama damu bado inatembea, kisha Jumapili inayofuata anakuletea koti. Mwenzake akisikia, naye analeta la marehemu mumewe. Nilifika Italia kusoma chuo kikuu, na sweta moja ya kusukwa Goma. Kabla ya Noeli kabati langu lilikuwa limejaa waume wa nusu ya mtaa, na wengine walilala chini ya kitanda. Kila koti nilisema asante. Ningeanzia wapi kuwaeleza akina mama wale kwamba natoka Masisi?

Kwa asiyepajua, Masisi ni milima ya Kivu ya Kaskazini yenye majani na ng'ombe kila upande. Asubuhi ukungu haubanduki mpaka saa nne. Wachungaji wanavaa kofia za sufu na mabuti, watoto wanakwenda shule wakitoa moshi mdomoni, na mzee akikualika kwake anakukaribisha kwanza kwenye makaa, kiti baadaye. Kwa hiyo wenzangu wa nyumba walipoanza kutetemeka mwanzoni mwa Oktoba, mimi nilikuwa na shati. Hawakuweza hata kuwasha joto. Katika sehemu kubwa ya kaskazini mwa Italia sheria inasema mitambo ya joto ya majengo iwashwe kati ya tarehe 15 Oktoba na 15 Aprili, tena isizidi saa 14 kwa siku. Tarehe 14 Mtaliano anaganda kwa kufuata sheria.

Dawa yangu ilikuja mwezi wa saba. Torino imekaa bondeni mwa mto Po, Alpi zimeiziba magharibi na kaskazini, na joto likishaingia halijui pa kutokea. Chumba changu kiko ghorofa ya mwisho, chini ya paa kabisa. Siku kipimo kilipofika 36 nilivua shati, nikalilowesha kwenye beseni, nikalivaa tena na kujilaza kwenye vigae vya jikoni, maana vya chumbani vilikuwa vimeshapata moto. Mwenzangu mmoja, mtoto wa Palermo, alinikuta pale akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimepata habari mbaya ya nyumbani.

"Ni joto," nikamwambia.

Alicheka mpaka akakaa. "Wewe? Na kwenu Afrika je?"

Nikamwonyesha picha ambayo Papa alinitumia wiki ileile: amevaa koti zito, kofia imeshuka hadi nyusi, na nyuma yake ukungu umemeza ng'ombe mpaka tumboni. Akaikuza kwa vidole. Akaniuliza baba yangu anafanya nini Uswisi.

Na mbu! Huko kwetu mlimani mbu ni wachache, tena wanajua saa zao. Wa Torino ana milia myeupe miguuni na anakuuma saa sita mchana ukiwa unasoma. Huyu si mwenyeji. Alionekana Italia mwaka 1990, mjini Genova, akiwa amesafiri ndani ya matairi makuukuu. Hakupanda ndege hadi Kinshasa kutafuta viza kwa kukosa barabara ya kumfikisha, hakutoa alama za vidole, hakununua stempu ya euro 16. Leo ameenea nchi nzima na hakuna anayemwuliza anarudi kwao lini.

Mimi niliingia kwa mlango, ndiyo maana nilichelewa. Mgeni ana siku 8 za kazi tangu afike kwenda posta kupeleka fomu za kibali cha kukaa. Stempu ya serikali inayobandikwa juu yake inauzwa duka la sigara. Nililipita duka lile na kulirudia, nikiamini nimeelekezwa vibaya, kwani serikali inakaaje kati ya tumbaku na tiketi za bahati nasibu? Lakini ndimo imo, kwenye droo, chini ya viberiti. Kwa haki niseme kwamba katika safari zangu zote za makaratasi hakuna aliyeniomba ya soda. Waliniomba fotokopi tu. Na kadi ilipotoka, inang'aa, picha yangu juu, ilikuwa imebakiza miezi michache kuisha, nikarudi posta.

Kuna jambo moja ambalo Mama hatalijua, na nawaomba wanaomfahamu wasimsomee ukurasa huu. Aliniwekea katika sanduku fromaji nzima ya Masisi, lile duara la njano ambalo Goma wanalipanga sokoni. Hoja yake ilikuwa moja: ujuzi huu tulifundishwa na wamisionari wa Kizungu, basi ni heshima wakaonjeshwa tumefikia wapi. Sasa Umoja wa Ulaya haumruhusu msafiri kutoka nchi kama yetu kuingiza maziwa wala nyama. Afisa wa forodha aliifungua, akanusa. Akamwita mwenzake, naye akanusa. Wakaniuliza ng'ombe wenyewe wanakula majani gani, wako urefu gani kutoka baharini, jibini inakaa muda gani kabla ya kuuzwa. Nikajibu yote kwa Kifaransa na mikono. Yule wa kwanza akatikisa kichwa, akaibeba kwa mikono miwili na kuishusha ndani ya pipa polepole, asiiangushe. Mama aliponiuliza kama Wataliano waliipenda nilisema ndiyo, sana. Sikudanganya.

Wasiwasi wake mwingine ulikuwa tumbo. "Na huko unakulaka nini? Bugali iko?" Jibu nililipata Desemba, rafiki aliponipeleka kwa bibi yake, kijijini juu kabisa, ambako theluji ilikuwa imefika madirishani. Bibi aliomba radhi mapema: leo ni chakula cha wakulima, huenda kisimfae mgeni. Akaingia na sufuria ya shaba, akaipindua juu ya ubao. Ikashuka njano, ikatulia, ikatoa mvuke. Akachukua uzi, akaushika ncha mbili na kukata vipande.

Bugali! Ya mahindi, na pembeni mchuzi wa nyama ya ng'ombe uliopikwa tangu asubuhi. Hapo mkono ulitangulia akili. Nikamega, nikafinyanga, nikabonyeza shimo kwa gumba, nikachota mchuzi. Nilipoinua macho meza nzima ilikuwa imesimamisha uma hewani. Babu, ambaye tangu nifike alikuwa hajatamka neno, akaweka wake chini na kumega. Lakini polenta yao haisongwi ikakaza. Wanaikoroga tu kwa subira. Ilimganda babu kutoka vidoleni hadi kwenye kifundo, ikamwunguza, akapiga kelele, na bibi akamchapa kiganja kwa mwiko. Baadaye niliomba ruhusa nisonge mwenyewe, kwa nguvu, kama mama zetu wanavyosonga, sufuria imebanwa kwa miguu. Bibi alionja, akafikiri, akatoa hukumu kwamba imekuwa ngumu kama sabuni. Babu aliongeza mara mbili. Tangu siku hiyo mimi na bibi tunaheshimiana kwa mbali.

Chuoni mambo yalikwenda, ila hesabu zao zinataka moyo. Mitihani mingi ni ya mdomo, unakaa mbele ya mwalimu huku wenzako wanasikia nyuma. Alama ya juu ni 30, ya kufaulu 18, na mwanafunzi ana haki ya kuikataa alama aliyopewa ili arudi siku nyingine. Mtihani wangu wa kwanza nilipata 24. Mwalimu alinitazama kwa huruma ileile ya akina mama wa parokia, akaniuliza kama nakubali. Katika maisha yangu yote sijaona mtu wa Masisi akirudisha pointi. Nilikubali kabla hajabadili mawazo.

Papa, kwenye simu, hakutaka habari za thelathini. Alitaka asilimia. Nikapiga hesabu: 80. Kimya. Katika mtihani wetu wa taifa mtu akipata 55 anamwagiwa poda kichwani na mtaa mzima unacheza. Mwenye 80 ni wa kutangazwa redioni. Jumapili Papa alisimama kanisani, na tangu wakati huo wazazi nisiowajua wananipigia kuniomba niwape watoto wao shauri.

Aliyekataa kushangazwa na Italia ni mjomba yangu wa Walikale, hukohuko Kivu. Huyu kwa miaka mingi alipokea mizigo Kilambo, mahali ambapo ndege zilizofuata madini ya kasiterite zilikuwa zinatua juu ya barabara ya lami yenyewe. Magari yanasubiri pembeni, ndege inapita, safari inaendelea. Nilidhani hakuna habari ya usafiri inayoweza kumbabaisha, mpaka siku niliyomwambia kwamba kesho siendi chuoni.

"Treni haziko, Mjomba. Kuna mgomo."

"Walisema lini?"

"Wiki mbili zilizopita."

"Na wale wenye kugoma, wanajua kama unajua?"

Nikamweleza kwamba sheria ya mwaka 1990 inawataka watoe taarifa angalau siku 10 kabla, na kwamba kuna saa za asubuhi na za jioni ambazo treni lazima zipite, mgomo au si mgomo. Mjomba alifikiri kidogo. "Sasa huo si mgomo," akasema. "Hiyo ni ratiba."

Machi 2025 vita vilipofika Walikale-centre, namba yake ilinyamaza. Nilikuwa naipiga kwenye ngazi za maktaba, kati ya somo na somo, huku wenzangu wakibishana kuhusu Juventus. Mtandao uliporudi, neno lake la kwanza lilikuwa: "Ule mgomo uliisha?"

Lakini lililoitikisa familia yetu kuliko yote ni fomu ya bursi. Bursi ya mkoa inatolewa kwa kuangalia mapato na mali za wazazi, hata kama wazazi wako Masisi, na kila karatasi lazima itafsiriwe na kupigwa mihuri. Papa ana shamba la maharage, ana ng'ombe. Nikaitafuta sehemu ya ng'ombe, ukurasa kwa ukurasa. Haipo. Papa alichukia. Utajiri wote anaoujua, uliolipa karo zetu na mahari za kaka zangu, haukustahili hata mstari mmoja! Walichotaka kujua ni ukubwa wa nyumba kwa mita za mraba. Nyumba yetu ni ya mbao. Akaipima kwa hatua zake, akaongeza baraza kwa sababu hakutaka tuonekane maskini mbele ya wageni, akatoa jibu: 40. Basi huku bei ya nyumba iliyo nje ya Italia imeshapangwa, kila mita ya mraba euro 500, iwe ya mawe Geneva au ya mbao Masisi. Mtu wa dirishani akabonyeza mashine yake, akanigeuzia kioo: euro 20,000.

Bursi nilipata, Mungu ni mwema. Kosa langu lilikuwa kumtajia Papa ile bei.

"Elfu makumi mbili? Ya nyumba hii? Nani anatoa?"

Nilijaribu kumweleza kwamba hakuna mnunuzi, kwamba ni hesabu tu ya ofisi. Alijibu kwamba serikali ya Wazungu haiwezi kuandika bei bila mtu wa kuilipa, na kwamba mwana aliyepata asilimia 80 asingeshindwa kumtafuta mtu huyo. Kila tukiongea ananikumbusha.

Basi natimiza agizo lake. Msomaji mwenye euro 20,000, nyumba ingali imesimama, pamoja na yote yaliyopita pale. Mbao ziko imara, bati limebadilishwa upande wa mvua, maji ya mlimani yako karibu na jirani ana ufunguo. Ng'ombe hawamo katika bei.